Cheti cha usimamizi bora wa wafanyakazi: mwongozo kamili kwa mashirika ya misaada ya Mombasa

Mara ya kwanza shirika nililokuwa nikilifanyia kazi lilipokaguliwa, nilikesha nikipanga mafaili. Sera zote zilikuwa zimechapishwa na kutiwa sahihi. Mkaguzi alizipitia asubuhi moja tu. Mchana akaomba apelekwe kwenye ghala letu la Shimanzi, akaketi na dereva aliyekuwa akisubiri lori lipakiwe, wakazungumza wawili peke yao karibu nusu saa. Jioni akaniuliza swali moja: "Dereva wenu alikwenda likizo lini mara ya mwisho?"

Nikafungua daftari la likizo. Jina la dereva halikuwamo, wala halikuwa limewahi kuwamo. Madereva na walinzi tuliwahesabu kuwa watu wa utawala, na daftari lile lilikuwa la watu wa miradi. Mzee yule alikuwa ametuendeshea magari hadi Garsen na Hola kwa miaka minne, mafuriko yakija na ukame ukija. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike mwongozo huu kwa afisa wa rasilimali watu, meneja au mkurugenzi wa shirika la hapa kwetu ambaye ameambiwa na mfadhili atafute cheti, au ameamua mwenyewe kukitafuta.

Kila hatua nitakayoieleza hapa ipime kwa swali hili: mtu wa chini kabisa kwenye orodha yako ya mishahara akiulizwa peke yake, kwa lugha yake, atasema nini?

Kwanza, ni cheti gani hasa

Hapa watu hupotea njia mapema. Wengi waliosomea kazi hii zamani bado hutaja kanuni za People In Aid, shirika la Uingereza lililotoa kanuni za utendaji mwema katika kusimamia wafanyakazi wa misaada mwaka 1997, zikapitiwa upya mwaka 2003. Kanuni zile zilikuwa na nguzo 7: mkakati wa rasilimali watu, sera na taratibu, usimamizi wa watu, mashauriano na mawasiliano, uajiri na uteuzi, mafunzo na kukuza vipaji, na mwisho afya na usalama. Shirika lililojifunga kuzifuata lilipewa alama ya kwanza ya ubora, na lililothibitishwa na ukaguzi wa nje likapewa ya pili. Mwaka 2015 People In Aid iliungana na shirika jingine, HAP, likazaliwa CHS Alliance. Kwa hiyo alama zile za zamani usizitafute tena. Nguzo zenyewe 7 hata hivyo bado ni orodha nzuri ya kujipima, nami huzitumia.

Kinachotumika leo ni Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu, ambacho wengi wetu tunakiita CHS, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, Core Humanitarian Standard. Kilizinduliwa Desemba 2014 na kikapitiwa upya mwaka 2024. Kina ahadi 9, na ya 8 ndiyo yetu: watu walio katika shida wahudumiwe na wafanyakazi na watu wa kujitolea wenye heshima, wenye uwezo na wanaosimamiwa vizuri. Tazama jinsi ilivyoandikwa. Anayeahidiwa ni mama wa Magarini anayesubiri unga. Mfanyakazi anatunzwa kwa haki yake mwenyewe, ndiyo, lakini pia kwa sababu mtu aliyechoka, asiyejua mkataba wake unaisha lini, hawezi kumhudumia mama yule kwa heshima.

Hakuna cheti cha ahadi ya 8 peke yake. Cheti cha CHS hutolewa kwa ahadi zote 9 kwa pamoja, na anayekagua ni HQAI, shirika huru lenye makao Geneva. Njia ziko tatu, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Ya kwanza ni kujitathmini wenyewe kwa zana za CHS Alliance. Ya pili ni uthibitisho huru, ambapo wakaguzi wa nje wanapima mahali mlipofika bila kuwapa cheti. Ya tatu ni cheti chenyewe. Ushauri wangu kwa shirika la watu 15 au 40 ni kuanza na ya kwanza, na kuanza na ahadi ya 8, kwa kuwa ahadi nyingine zote hutekelezwa na watu haohao.

Patana na bodi kabla ya kupatana na mkaguzi

Sitakaa sana hapa. Bodi ikubali kwa maandishi, mkurugenzi aitangaze nia hiyo mbele ya wafanyakazi wote, na fedha zitengwe. Gharama hupanda kwa ukubwa wa shirika na idadi ya ofisi, na HQAI ina mfuko wa ruzuku kwa mashirika madogo ya kitaifa, hivyo uliza mapema kabla hujafunga bajeti. Kwa uzoefu wangu, shirika ambalo halijawahi kujipima linahitaji mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya ukaguzi. Anayekuahidi miezi mitatu anakuuzia makaratasi.

Chagua mtu mmoja wa kushika kazi hii, halafu umwekee watu watatu au wanne wa kumsaidia. Mmoja wao atoke kwa madereva, walinzi au watu wa ghala. Hili usilijadili, lifanye.

Safisha nyumba kwa sheria ya Kenya

CHS inadai shirika lifuate sheria ya kazi ya nchi lilipo. Nimeona mashirika yakinunua sera nzuri za kigeni huku walinzi wao hawana mikataba. Anza na sheria, kwa sababu hapa ukikosea, hata bila mkaguzi, utaitwa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inaketi hapahapa Mombasa.

Chukua Sheria ya Ajira ya 2007 na mafaili yako, uyapitie moja baada ya jingine. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Mfanyakazi asiyejua kusoma aelezwe mkataba wake kwa lugha anayoielewa. Hilo limo katika kifungu cha 9, na ajabu ni kuwa wengi wetu hatujawahi kulisoma. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na ukiongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi jumla isipite 12. Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Likizo ya uzazi ni miezi 3, na baba ana wiki 2. Mgonjwa aliyekwisha kutumikia miezi miwili ana siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kila mwaka. Mwajiri wa watu 20 au zaidi lazima awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini, na hiyo aitoe baada ya kushauriana na wafanyakazi.

Kisha fungua mafaili ya walioachishwa kazi katika miaka mitatu iliyopita. Kifungu cha 41 kinataka mtu aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua yeye mwenyewe, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Ukikuta faili lenye barua ya kufukuzwa bila kumbukumbu za kikao, andika jina hilo pembeni. Huwezi kulirekebisha la jana, ila mkaguzi akilikuta na wewe tayari una utaratibu mpya unaofanya kazi, atakusikiliza.

Makato ya kila mwezi nayo yawe safi: kodi ya mapato ifike si baada ya siku ya 9 ya mwezi unaofuata, NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 ya mshahara, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri. Weka risiti. Mfanyakazi anayefika hospitali akaambiwa michango yake haijalipwa hatasahau, na hatakuficha siku ya mahojiano.

Mafaili ya watu hao, hasa yenye vyeti vya hospitali na hati za nidhamu, yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kabati lifungwe, na ijulikane nani ana ufunguo.

Mkataba wa mwezi mmoja mmoja

Jambo hili nalitenga kwa sababu ndilo donda la sekta yetu. Mradi una fedha za miezi 6, basi mfanyakazi anapewa mkataba wa mwezi mmoja, unarudiwa, unarudiwa tena, na miaka mitatu inapita. Hajui kama alipe karo ya muhula ujao. Hajui kama apange nyumba Bamburi au arudi kwa wazazi Mtwapa. Ukimwuliza kama anatendewa haki atanyamaza kwanza, na kunyamaza kule mkaguzi analisikia.

Fanya hivi. Urefu wa mkataba ulingane na urefu wa fedha ulizonazo mkononi: kama mfadhili ametia sahihi miezi 14, mkataba uwe wa miezi 14. Siku 60 kabla ya kuisha, mwandikie mtu barua umwambie wazi mojawapo ya mambo matatu: unaongezewa, huongezewi, au bado tunasubiri na jibu litakuja tarehe fulani. Hiyo ya tatu wengi huikwepa kwa aibu, ilhali ndiyo inayompa mtu nafasi ya kupanga maisha. Na mkipunguza watu kabla ya mikataba kwisha, sheria inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, pamoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Bajeti ya mradi iwe na mstari huo tangu mwanzo. Mfadhili akiuliza, mwonyeshe sheria.

Kwa vibarua wa ghala, makuli wanaopakia na kupakua magunia kati ya bandari na Changamwe, angalia kifungu cha 37. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, sheria inamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Wale vijana sita unaowaita kila asubuhi kwa miezi minane si vibarua tena, na mkaguzi makini ataomba daftari la mahudhurio.

Sikiliza kabla ya kuandika

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Kabla ya kugusa sera hata moja, kaa na watu. Wala usikae nao wewe peke yako, kwa kuwa wewe ndiwe unayeandika barua za onyo. Tafuta mtu wa nje wanayemwamini, au badilishana na shirika jirani: afisa wao aje kwenu, wa kwenu aende kwao. Sisi tulifanya hivyo na wenzetu wa mtaa wa pili, bila gharama zaidi ya chai na mahamri, na tulisikia katika siku mbili mambo tuliyokuwa hatujayasikia kwa miaka.

Kutana na makundi madogo, watu watano au sita wa cheo kimoja. Wanawake wapate kikao chao. Madereva chao. Watu wa kujitolea wa Kinango na Ganze wafuatwe kwao, wasiitwe mjini kwa nauli isiyotosha. Vikao viwe kwa Kiswahili, na pale wazee wanapopendelea Kigiriama au Kipokomo, pawe na mtu wa kufasiri. Kwa wanaovuka feri kutoka Likoni usipange saa mbili asubuhi, na Ijumaa usiweke kikao karibu na saa saba mchana.

Maswali yawe ya mambo yaliyotokea. Ukiuliza "Je, umeridhika na usimamizi?" utajibiwa "Naam, tunashukuru." Uliza hivi: Msimamizi wako alikaa nawe lini mara ya mwisho mkazungumza kuhusu kazi yako? Mkataba wako unaisha tarehe gani? Gari likiharibika usiku kati ya Minjila na Garsen, unampigia nani, na alipopigiwa mara ya mwisho alifanya nini? Ukiwa na neno juu ya bosi wako leo, utampelekea nani? Kuna mtu aliyewahi kupeleka, ikawaje?

Andika majibu bila majina. Halafu, ndani ya wiki tatu, rudi kwa watu walewale uwaambie: tumesikia haya, haya tutayafanya sasa, haya hatuwezi mwaka huu na sababu ni hii. Ukikosa kurudi, vikao vya mwaka ujao vitakuwa kimya.

Sera chache, kwa lugha ya watu

Sasa ndipo uandike. Usiandike sera 40. Kijitabu kimoja cha wafanyakazi, kurasa 25 au 30, kinatosha shirika la kati: ajira, mishahara na madaraja yake, likizo, nidhamu, malalamiko, mafunzo, afya na usalama, na kanuni za maadili. Kiwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na cha Kiswahili kiandikwe na mtu anayekijua, kwa maneno ambayo mlinzi wa zamu ya usiku ataelewa bila kamusi.

Madaraja ya mishahara yawe wazi. Si lazima kila mtu ajue mshahara wa jirani, lakini kila mtu ajue daraja lake, kiwango cha chini na cha juu cha daraja hilo, na linavyopandishwa. Bila hivyo minong'ono ya kabila, dini na ujamaa haiishi, hata pasipokuwa na ukweli.

Kanuni za maadili zibebe kanuni 6 za kuzuia unyonyaji na unyanyasaji wa kingono ambazo mashirika ya kibinadamu duniani yanazitumia tangu mwaka 2002. Kati ya hizo, kubadilishana fedha, kazi, bidhaa au msaada kwa ngono ni marufuku, kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18 ni marufuku hata ukidai hukujua umri wake, na kila mfanyakazi ana wajibu wa kuripoti anapokuwa na shaka. Zisomwe kwa sauti kikaoni, zijadiliwe kwa mifano ya hapa kwetu, kama kijana wa kuandikisha majina anayeomba namba ya simu ya binti aliyepanga foleni. Sahihi ije baada ya mjadala.

Uajiri

Kila mtu wa Pwani anajua jinsi kazi zinavyozungumzwa kwenye baraza kabla ya tangazo kutoka. Dawa yake ni utaratibu unaoonekana. Tangazo libandikwe pia katika ofisi za chifu na mahali watu wanapopita, si kwenye mtandao peke yake. Jopo la usaili liwe na watu watatu au zaidi, mmoja wao mwanamke, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake. Mwenye jamaa kati ya waombaji atamke na atoke. Karatasi za alama zihifadhiwe.

Waulize waajiri wa zamani swali la wazi kuhusu mwenendo. Tangu mwaka 2019 kuna mpango wa kimataifa, Misconduct Disclosure Scheme, ambao mashirika yaliyojiunga nao huulizana kama mwombaji alipatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono katika miaka 5 iliyopita. Jiunge nao, kisha mweleze mwombaji tangu mwanzo kwamba utauliza.

Msimamizi wa karibu

Ningeambiwa nichague eneo moja tu la kutia fedha za mafunzo, ningechagua hapa. Mfanyakazi haishi na sera, anaishi na msimamizi wake. Sisi humpandisha cheo mhandisi hodari wa visima, tukampa watu 9, na hatumfundishi hata namna ya kumwambia mtu kwamba ripoti yake ina makosa. Mpe siku mbili za mafunzo kabla hajakabidhiwa watu, na mtu mzoefu wa kumwongoza kwa miezi sita.

Kila mfanyakazi awe na mazungumzo na msimamizi wake mara moja kwa mwezi, dakika 30, yakaandikwa mistari minne tu: kilichokwenda vizuri, kilichokwama, msaada unaohitajika, tulichokubaliana. Tathmini ya mwaka ikifika, haina la kushtukiza. Katika ukaguzi wetu wa pili mistari ile minne ilitusaidia kuliko fomu ya kurasa 8 tuliyokuwa tukiijaza Desemba kwa haraka.

Watu wa kujitolea

CHS ya mwaka 2024 inawataja watu wa kujitolea waziwazi pamoja na wafanyakazi. Wape barua inayoeleza kazi, muda, posho na nauli, mtu wa kumwendea, na bima wakiwa kazini. Posho ilipwe siku iliyotajwa. Mama anayetembea nyumba kwa nyumba Lunga Lunga kupima watoto utapiamlo, halafu anasubiri miezi miwili kupata shilingi alizoahidiwa, anaidai shirika lenu heshima kabla ya fedha.

Afya na usalama

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Hata mkiwa 12, iundeni. Ajali ya kazini iripotiwe kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu mwajiri apate habari, kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, na bima ya majeraha iwe hai mwaka mzima.

Baada ya hayo tazama kazi zenyewe zinavyofanyika. Kaskazi ikivuma, ghala la mabati linakuwa tanuri kufikia saa sita, hivyo upakiaji uanze saa kumi na mbili asubuhi na maji ya kunywa yawepo. Magari yasisafiri usiku Tana River, na dereva awe na mamlaka ya kusimama bila kuomba ruhusa anaposikia usingizi. Ramadhani ratiba zibadilike: usipange mafunzo ya kutwa wala safari inayowakuta watu njiani wakati wa kufuturu bila kujiandaa. Mama anayenyonyesha apate mahali pa faragha, jambo ambalo Sheria ya Afya ya 2017 inalidai. Na waliorejea kutoka kwenye mafuriko, waliozika watoto au kuwatoa majini, wapewe siku za mapumziko na mtu wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo. Tulipokuwa tunatoka Tana River mwishoni mwa mwaka 2023, vijana wetu walikuwa wakicheka sana garini, na wiki iliyofuata wawili hawakuweza kuamka kuja kazini. Usisubiri kuombwa.

Malalamiko

Sanduku la mbao ukutani, mlangoni mwa mkurugenzi, halitiwi kitu. Weka njia tatu tofauti: mtu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, namba ya simu isiyoshikwa na wakubwa wa ofisi, na mjumbe mmoja wa bodi. Aliyelalamika ajibiwe kwa tarehe iliyotajwa. Tunza daftari la malalamiko lisiloonyesha majina. Ukimwonyesha mkaguzi daftari tupu la miaka miwili, hataamini kwamba hamna shida. Ataandika kwamba watu wanaogopa.

Kujitathmini, kisha ukaguzi

Sasa tumia zana za CHS Alliance kujipima kwa ahadi zote 9. Zinapitia hati zenu, zinauliza wafanyakazi na zinauliza jamii. Alama huenda kutoka 0 hadi 4: 0 ni kasoro kubwa, 1 kasoro ndogo, 2 ni mahali pa kuangaliwa, 3 mmetimiza, 4 mmevuka kiwango. Jipeni alama za chini pale mnapositasita. Kujipendelea hapa kutawaumbua baadaye.

Mkiona kasoro zilizobaki ni ndogo na zina mpango, andikeni maombi kwa HQAI. Watapima ukubwa wa shirika na kuchagua ofisi na maeneo ya kutembelea, nanyi hamchagui mtu wa kuhojiwa. Waandaeni wafanyakazi kwa kuwaambia mambo mawili tu: mkaguzi ni nani, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema kweli. Msiwafundishe majibu. Wakaguzi wamezoea kusikia sentensi moja kutoka vinywa kumi. Tafuteni chumba ambacho meneja hapiti dirishani, na mkalimani asiwe mfanyakazi wenu.

Uamuzi wa cheti hautolewi na mkaguzi aliyekuja. Hufanywa Geneva baada ya ripoti yake, na muhtasari wa ripoti hutangazwa hadharani. Kasoro kubwa huzuia cheti hadi irekebishwe. Kasoro ndogo huwekewa muda, na katika kipindi cha cheti kuna ukaguzi wa kufuatilia kabla ya kukaguliwa upya. Kwa hiyo siku ripoti inapofika, iteni wafanyakazi wote, isomeni sehemu ya ahadi ya 8 kwa Kiswahili, na kila kasoro ipewe mwenye kuishughulikia na tarehe.

Kwetu kasoro ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ile ya daftari. Tuliliandika upya likiwa na majina yote, madereva juu kabisa, tukalibandika ukutani ghalani Shimanzi. Mzee alichagua siku zake 21 kuanzia wiki ya Idd, akaenda kwao Faza.